Huyu Mwenye Tai Ni Nani?

Baba alipotimiza miaka 70 nilimpelekea kadi niliyoitengeneza kwa mkono. Aliitoa kwenye bahasha taratibu, akaisogeza mbali na uso kama wafanyavyo watu walioacha miwani chumba kingine, akaitazama mbele, akaigeuza nyuma, akaifungua, akaifunga. Kisha akauliza kwa upole kabisa:

"Mwanangu, huyu mwenye tai ni nani?"

Kadi yenyewe ilikuwa shati. Huenda umewahi kuliona shati hilo, maana ndilo kimbilio la kila mtengeneza kadi aliyeishiwa la kumfanyia mwanamume. Unakunja karatasi ngumu katikati kama kitabu. Kwenye jalada la mbele unakata mipasuo miwili, mmoja kila upande, kama sentimita mbili na nusu kutoka juu, halafu unalaza zile pembe mbili zikutane katikati ziwe kola. Ukanda wa juu wa jalada la nyuma unaukata usichungulie. Chini ya kola unabandika tai ya karatasi yenye milia, vifungo viwili, umemaliza. Ni kadi nzuri, siisemi vibaya. Ila nilikuwa nimeshatengeneza saba za namna hiyo kwa wanaume saba, na kilichozitofautisha ni rangi ya tai tu.

Baba ni seremala. Hata kwenye picha ya harusi yake kola iko wazi.

Wala sikuwa mgeni wa kazi hii. Droo yangu ilikuwa imejaa maua ya karatasi ya saizi tatu, riboni, lulu za plastiki, vipepeo, na lile vumbi la kumetameta ambalo likishaingia kwenye zulia halitoki mpaka mhame nyumba. Kwa mama, dada na marafiki, mkono ulikuwa unajiendea wenyewe. Kwa mwanamume, nikisema ukweli, kazi yangu ilikuwa kutoa. Natoa maua, natoa riboni, natoa vipepeo, nabadilisha waridi kwa kahawia, halafu naitazama kadi iliyobaki na kushangaa mbona imekauka hivyo. Hapo ndipo nabandika tai. Au masharubu. Au mpira wa miguu, kwa mtu ambaye sijui hata kama mpira anautazama.

Mwaka uliofuata nilianza mapema, na droo sikuifungua. Nilikaa nikamtazama Baba. Penseli ya seremala sikioni, ile iliyo bapa ili isibiringike ikiwekwa juu ya ubao. Futi kamba kiunoni. Mtu akitaja urefu wa kitu mbele yake, hata akiwa amekaa kupumzika, haamini maneno wala macho; anainuka kwenda kupima. Nikaamua kumtengenezea rula: kadi ndefu inayokunjwa zigizaga kama rula za mbao za mafundi wa zamani, yenye sentimita 71, kila sentimita mwaka mmoja wa maisha yake. Kurasa kumi, kila moja sentimita 7.1. Kwenye karatasi ya hesabu ilikuwa kitu rahisi mno.

Nianze na karatasi, maana ndiyo iliyonitesa kwanza. Karatasi hupimwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba. Ile ya kawaida ya kuchapia ni gramu 80. Ukurasa mmoja wa A4 una uzito wa gramu 5 tu, na ukiugeuza kadi utalala chali mezani kama mgonjwa. Kadi inataka kati ya gramu 200 na 300. Mimi hutumia 250, na hapo ndipo nilipokuwa najiona mtaalamu. Nilikata kurasa za A4 kwa urefu zikawa kanda, nikaanza kukunja, na kila mkunjo ukapasuka mgongoni, nyuzi nyeupe zikachomoza kama shati lililochanika kiwiko.

Kumbe karatasi nayo ina nyuzi kama mbao. Kiwandani nyuzi nyingi hulala kuelekea kule ambako karatasi ilikuwa ikikimbia kwenye mashine, na zikishakauka zimebaki hivyo. Ukikunja sambamba nazo, mkunjo unatulia. Ukikunja kwa kuzikatiza, karatasi ngumu inagoma. Kurasa nyingi za A4 nyuzi zake hufuata urefu, nami nilikuwa nakunja kukatiza urefu huohuo. Mtoto wa seremala mimi, sikulijua. Siku hizi kabla ya kukata chochote naishika karatasi na kuipinda kidogo bila kuikunja, kwanza huku, kisha kule. Upande unaokubali kwa urahisi ndio unaofuata nyuzi. Halafu, kabla ya kukunja, napitisha kalamu iliyoisha wino kando ya rula ya chuma ili kuchora mfereji, na karatasi inajua pa kuvunjikia.

Niliziacha A4 nikachukua manila kubwa ya saizi ya A1, sentimita 59.4 kwa 84.1, ambayo kwa bahati nyuzi zake zilipita upande nilioutaka. Ukanda mmoja mzima, bila kuunga. Nikapima ukurasa wa kwanza 7.1, nikaweka alama. Nikahamisha rula hadi kwenye alama, nikapima tena 7.1. Nikahamisha tena. Mpaka wa kumi. Nikakata ncha, nikachora mistari ya sentimita zote, na kwenye miaka niliyoijua nikaandika kwa kalamu nyembamba: kwenye 9, kuishika randa kwa mara ya kwanza, kwenye 24, harusi, kwenye 27, mimi, na kichwa kidogo kisicho na nywele, kwenye 58, siku msumeno ulipoondoka na nusu ya ukucha wake. Maua hayakuwepo na wala sikuyakumbuka.

Baba aliipokea, akaikunjua yote juu ya meza. Hakusema kitu. Akachomoa futi kamba kiunoni.

"Sentimita sabini na nukta sita," akasema. Akainua uso. "Umeniibia karibu miezi mitano."

Nilicheka, nikadhani mzaha umeishia hapo. Haukuishia. Akavuta kiti, akachukua penseli sikioni, akanionyesha kosa lilipoanzia. Kila nilipohamisha rula nilikuwa nimepoteza chini ya nusu milimita, kitu ambacho jicho halikioni, na mara kumi yake ikawa milimita nne. "Sifuri haihamishwi," akasema. "Unaiweka mwanzo wa ubao, inakaa hapohapo, unasoma saba nukta moja, kumi na nne nukta mbili, ishirini na moja nukta tatu, mpaka mwisho. Ukikosea, unakosea mahali pamoja, kosa halizai." Nimetengeneza kadi nyingi tangu hapo, za kila namna, na ushauri huo nimeutumia kwenye kila moja.

Kisha akaanza na miaka. Randa aliishika akiwa na kumi, siyo tisa. Harusi ilikuwa mwisho wa mwaka, kwa hiyo alama ilipaswa kusogea karibu na 25. Ukucha ni kweli, 58, lakini haukuwa msumeno, ilikuwa patasi. Kila alipotaja kosa alikuwa na hadithi yake, na nyingine sikuwahi kuzisikia. Tulikaa pale zaidi ya saa moja. Ile kadi ya shati alikuwa ameitazama, nakadiria, dakika moja na nusu, na humo mna kuigeuza nyuma.

Sisemi kwamba wanaume wote duniani wako hivi. Wa kwetu hushukuru kwa kusahihisha. Nilipoligundua hilo, kazi yangu ilibadilika, maana nilianza kutengeneza kadi zenye kitu cha kushikwa, cha kupimwa, cha kubishiwa.

Mfano ni kaka yangu. Kwenye kadi zake nilikuwa naharibu ndani kuliko nje. Naandika "Wewe ni nguzo ya familia na mwamba wetu," maneno ambayo mtu akishayasoma hana la kufanya ila kukohoa. Safari hii sikumwita nguzo wala mwamba. Nikaandika sentensi moja: "Nakumbuka ulivyonibeba mgongoni kuvuka maji, ukaniambia nisilie, kiatu kitakauka." Chini yake jina langu, basi. Juu nilichora kiatu kimoja tu cha mtoto, kwa penseli, kwenye karatasi ya kaki, kwa sababu kaki inapendeza ikichorwa penseli nyeusi na nyeupe na haitaki rangi nyingine.

Alipiga simu jioni ileile. Simu zetu kwa kawaida hazifiki dakika mbili: mzima, mzima, watoto, wazima, haya.

"Haikuwa mgongoni," akasema, hata salamu hajatoa. "Ilikuwa begani. Na kiatu ulikidondosha wewe makusudi."

Tulizungumza dakika arobaini. Kaka huyuhuyu ndiye aliyezoea kusema kadi ni mambo ya wanawake, kwa hiyo nikapata nafasi ya kumpa habari ya Henry Cole, Mwingereza ambaye mwaka 1843 alizidiwa na barua za kujibu, akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi moja ya kuchapishwa, zikatoka nakala kama 1,000. Hiyo huhesabiwa kuwa kadi ya kwanza ya Krismasi iliyochapishwa kwa ajili ya kuuzwa. Kaka akafikiri kidogo. "Kwa hiyo kadi zililetwa na mwanamume mvivu," akasema. Sikuwa na jibu.

Shemeji, mume wa dada yangu, ni fundi magari, na yeye nilimfanyia ujanja uliozidi. Nilibandika nati ya kweli na washa yake, kile kibati cha duara chenye tundu kinachokaa chini ya nati, juu ya manila ya kijivu, nikaona kwa mara ya kwanza nimetengeneza kitu ambacho fundi angekitambua. Kadi ilikuwa A6, sentimita 10.5 kwa 14.8, ndani ya bahasha ya C6 ambayo ni 11.4 kwa 16.2, kwa hiyo pembeni ilikaa vizuri. Unene sikuuwaza. Bahasha zinapita kwenye mashine, zinabanwa, zinarundikwa. Bahasha ilifika kwa Shemeji, nati haikufika. Ilitoka njiani kwa kupitia tundu ililojichonga yenyewe, ikaacha duara la gundi na alama ya pembe sita kwenye karatasi.

Akanitumia ujumbe: "Shemeji, asante. Nimepima alama. Ni nati ya spana kumi. Nikutafutie nyingine?"

Sasa vyuma vyangu vyote ni vya karatasi. Nakata pembe sita tatu zinazolingana kwenye manila ya gramu 250, natoboa katikati, nazipanga moja juu ya nyingine. Zote tatu pamoja hazifiki unene wa sarafu, ila ukingo wake unatupa kivuli, na kwa mbali macho yanaona chuma. Risasi ya penseli ikisuguliwa kwa kidole juu ya karatasi ya kijivu inaleta ule mng'ao wa chuma kilichoshikwashikwa. Kwenye kubandika, gundi nyeupe ya maji niliiacha. Maji yanavimbisha nyuzi, karatasi inatutumka, na hata ikikauka haisahau. Natumia tepu yenye gundi pande mbili, au gundi ya fimbo. Baba kila mara hunikejeli kwa hili. Kwake gundi ni moja, ya mbao, nayo ni ndugu wa hiyo nyeupe ya maji niliyoikimbia.

Wavulana ni habari nyingine, ingawa si mbali sana. Mpwa wangu wa kiume akiwa na miaka saba nilimpa kadi yenye gari jekundu nililolikata kwa uangalifu mkubwa, mpaka vioo vya pembeni. Akalitazama, akanitazama mimi.

"Linafanya nini?"

Halikuwa linafanya kitu. Lilikuwa gari zuri lililobandikwa. Aliliweka kando kwa adabu, na adabu ya mtoto wa miaka saba ndiyo hukumu nzito kuliko zote nilizowahi kupewa.

Kwa hiyo nilijifunza gurudumu. Ni mtambo rahisi kuliko yote ya karatasi na sijaona mvulana, au babu yake, asiyeugusa. Unakata duara lenye kipenyo cha sentimita 9. Kwenye jalada la kadi unakata dirisha dogo. Duara linakaa nyuma ya jalada, limefungwa katikati kwa ile pini ya miguu miwili inayopenya tundu kisha miguu ikatanuliwa nyuma. Kitovu unakiweka sentimita 4 kutoka ukingo wa kulia, ili duara lichungulie nje nusu sentimita, kiasi cha kidole gumba kulisukuma. Mimi nilichora roboti asiye na uso; uso ulikuwa kwenye duara, mara sita: ametulia, amekonyeza, ametoa ulimi, amelala, ameshtuka, na mmoja wenye betri iliyoisha.

La kwanza halikuzunguka. Tundu lilikuwa sawasawa na unene wa pini, na nilikuwa nimebana miguu ya pini kwa nguvu kama nafunga gunia. Tundu linataka kuwa na nafasi kidogo, pini inataka kulegezwa, na kati ya duara na jalada pakae kipande kidogo cha karatasi chenye tundu, washa hasa, ili visisuguane. Jalada na mgongo wake unavibandika kingoni tu. Tone moja la gundi likipita ndani, roboti anaganda na uso mmoja. Wangu aliganda akiwa ametoa ulimi, na nilimpenda hivyo, lakini nikamrudia.

Kabla ya kupaka rangi nilimuuliza mpwa wangu mwenyewe, kwa kuzunguka, roboti huwa na rangi gani. Nilikuwa nimeshatayarisha buluu na kijivu. Akasema chungwa, na waridi kwenye masikio. Nilisita, nikajionea aibu kwa kusita. Mwaka 1918 jarida moja la biashara ya nguo za watoto la Marekani liliandika kwamba waridi ndiyo rangi ya wavulana, kwa kuwa ina nguvu zaidi, na buluu ni ya wasichana. Roboti akapata masikio ya waridi. Baada ya wiki tatu mpwa wangu aliniletea kadi ikiwa imechakaa ukingo, duara limekwama. "Gurudumu limekufa," akasema, akaniwekea mezani, akasimama kusubiri. Sijawahi kurudishiwa kadi yenye maua ili niitengeneze.

Na umri. Kosea jina la mvulana wa miaka tisa, atakucheka. Kosea umri wake, hapo una kesi. Niliwahi kumwandikia mwingine 8 kubwa, ya penseli nene, siku aliyotimiza 9. Hakulalamika. Aliomba kifutio, akafuta mkunjo wa chini upande wa kushoto, akapuliza makombo, akairudisha kadi juu ya meza ikiwa sahihi.

Wakifika kumi na tatu, kumi na nne, punguza kila kitu. Asiwepo mtu wa kuisoma kwa sauti. Mimi hutengeneza ya A7, sentimita 7.4 kwa 10.5, inayoingia mfukoni kabla hajaulizwa ni ya nani. Ndani maneno sita au saba. Usichore kitu alichokipenda mwaka jana, ameshakiacha.

Ile rula ya Baba sikuiona tena kwa miezi mingi, nikadhani imekwenda zinakokwenda kadi. Mwaka alipotimiza 72 nilimfuata karakana na kadi mpya, gurudumu safari hii, lenye miti sita ya mbao anayoipenda na nyuzi zake nilizozichora moja moja. Rula ilikuwa ukutani juu ya benchi, imenyooshwa, imepigiliwa misumari midogo ncha zote mbili. Miaka ilikuwa imesahihishwa kwa penseli ya seremala: randa kwenye 10, harusi imesukumwa mbele kidogo, msumeno umefutwa na kuandikwa patasi. Mwishoni mwake, palipokatika penye sabini na nukta sita, alikuwa ameunga kipande cha karatasi iliyotoka kwenye boksi fulani, kimebandikwa kwa gundi ya mbao na kututumka kama nilivyomwambia kingetutumka.

Alikuwa anazungusha gurudumu na kunieleza kwamba mti wa tatu nyuzi zake nimezichora za mti mwingine. Nikachukua futi kamba yake mezani, nikaweka sifuri mwanzo wa rula, nikaivuta mpaka mwisho wa kile kipande. Sabini na mbili kamili.